Saa 15 Angani, Dawa Zako na Miguu Yako

Mwezi huu ninaweka kando habari za chanjo na minyoo ili nijibu swali ninaloulizwa mara nyingi, kliniki na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Binti alikwenda Marekani kusoma, akaolewa huko. Sasa ana mimba ya miezi saba na anamwita mamaye aje amkande, ampikie uji, amwonyeshe namna ya kumshika mtoto. Viza imetoka na tiketi imelipiwa. Ndipo mama anaponivuta kando na kuniuliza: "Sista, wanasema hiyo ndege inakaa juu saa 15 bila kutua. Mimi nina sukari na presha, na mguu huu wa kushoto huvimba. Nitafika mzima?"

Wengi hufika wazima, hilo niliseme mapema ili usilale na wasiwasi. Lakini nimeona pia wanaofika na mguu umevimba kama gogo, na wengine ambao sukari yao ilivurugika siku ya kwanza tu kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba saa ya ukutani huko si saa ya mwilini mwao. Mambo haya hayahitaji elimu kubwa. Yanahitaji karatasi, kalamu na mazungumzo na daktari wako wiki chache kabla ya safari.

UMBALI WENYEWE

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni kilomita 11,840 hivi kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Chukua safari ya Nairobi hadi Mombasa kwa barabara, uiunganishe mara 24, ndipo utakapokuwa umefika. Zamani msafiri hakuwa na budi kutua njiani, London au Amsterdam au Dubai, abadilishe ndege. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari ya moja kwa moja kwa ndege aina ya Boeing 787. Kwenda huchukua muda wa saa 15 hivi, na kurudi karibu saa 14.

Kwa nini kurudi ni kufupi ilhali umbali ni ule ule? Ndege hiyo hukata karibu kilomita 900 kwa saa, na ukigawanya kilomita zetu utapata saa 13 na dakika kidogo. Zinazozidi huliwa na kupaa, kushuka, kuzunguka ili kukwepa dhoruba au anga la nchi zenye vita, na zaidi ya yote, upepo. Juu sana, mahali ndege zinapopita, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa ukishaiacha Afrika ya joto na kuelekea kaskazini. Ukienda New York unapambana nao uso kwa uso. Ukirudi unakusukuma mgongoni.

Jambo jingine huwashangaza watu. Ukitazama ramani iliyobandikwa ukutani, utadhani ndege itapita Kongo na kuingia baharini moja kwa moja. Sivyo. Dunia ni mviringo. Chukua mpira wa watoto wenye ramani ya dunia, ushike uzi, uubane ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha uukaze. Utaona uzi unapanda kaskazini magharibi, unapita juu ya jangwa la Sahara na kufika Moroko kabla ya kuingia bahari ya Atlantiki. Katikati hasa ya uzi huo ni karibu na mji wa Marrakech. Maana yake ni kwamba baada ya muda wa saa saba na nusu, watu wameshakula, wamelala na kuamka, na wewe bado uko Afrika! Kumbuka hapo Moroko, tutaparudia tukifika kwenye vidonge.

HESABU KUTOKA MLANGONI PAKO

Tiketi huhesabu saa za ndege tu. Mwili wako huhesabu tangu ulipokaa kwenye kiti cha kwanza. Tuchukue mama anayetoka Kakamega. Amepanda basi la usiku, amekaa muda wa saa nane akiwa amekunja magoti. Asubuhi amefika Nairobi, akashinda kwa ndugu au kwenye benchi. Jioni yupo uwanjani saa tatu kabla ya safari, kama inavyotakiwa kwa safari za nje. Kisha zile saa 15. Kisha foleni ya uhamiaji, mizigo, na gari hadi nyumbani kwa binti, ambaye pengine hakai New York hata kidogo bali mji mwingine, mwendo wa saa nne au tano. Ukijumlisha yote utakuta siku moja na nusu na ushei, na sehemu kubwa ya hiyo ni kukaa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza haugusi dawa. Ukiweza, fika Nairobi siku mbili kabla. Lala kitandani, nyoosha miguu, tembea sokoni. Watoto wanaonunua tiketi kutoka mbali hawalikumbuki basi la Kakamega. Wao huona Nairobi ndiyo mwanzo wa safari.

Na uisome saa ya tiketi vizuri. Tiketi ikiandikwa, tuseme, 23:25, hiyo ni saa 5:25 usiku kwetu. Hiyo haina shida. Shida ni tiketi iliyoandikwa, kwa mfano, 00:30 Jumatano. Hapo ni saa 6:30 za usiku ambao umeanza Jumanne jioni. Lazima uwe uwanjani Jumanne saa tatu usiku. Wazee wetu wa pwani, ambao siku yao huanza jua linapotua, wangekuelewa mara moja, maana kwao huo ndio usiku wa Jumatano hasa. Sisi wengine tumezoea vingine, na kuna wanaofika Jumatano usiku na masanduku yao wakaambiwa ndege iliondoka jana.

MIGUU

Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya mguu. Kila unapopiga hatua, misuli ya nyuma ya mguu hukamua mishipa na kuisukuma damu juu. Ukikaa kwa muda mrefu pampu hiyo husimama. Damu hutulia, maji huvuja kwenye nyama na mguu huvimba. Uvimbe wa miguu yote miwili, usio na maumivu, unaoisha baada ya kulala, ni wa kawaida na usikutie hofu.

Kinachotutisha sisi wauguzi ni damu kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Donge hilo likikatika na kusafiri hadi kwenye mapafu linaweza kuua. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa kwa muda wa saa nne au zaidi huongeza hatari hiyo mara mbili hivi, ingawa kwa mtu mzima wa afya bado ni jambo la nadra, karibu mtu mmoja kati ya 6,000. Na si ndege peke yake. Basi, gari dogo na treni vimo pia. Kwa hiyo yule mama wa Kakamega alianza kuiongeza hatari yake kabla hajaiona ndege.

Hatari hupanda zaidi kwa mama mjamzito na aliyejifungua karibuni, kwa aliyefanyiwa upasuaji wiki chache zilizopita, mwenye saratani, mnene sana, anayetumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni, na kwa yeyote aliyewahi kupata damu kuganda au ambaye ndugu yake wa damu aliwahi kupata. Ukiwa mmoja wao, usikate shauri peke yako. Muone daktari. Huenda akakuandikia sindano ya kuzuia kuganda kwa damu au soksi maalumu. Usijinunulie aspirini ukadhani umejikinga, maana ina madhara yake tumboni na haikutengenezewa kazi hii.

Soksi hizo maalumu hubana zaidi kwenye kifundo cha mguu na kulegea kadiri zinavyopanda hadi chini ya goti. Zipimwe mguuni kwako. Soksi ya kawaida yenye mpira unaokata mguu juu, au kitambaa ulichofunga mwenyewe, hufanya kinyume kabisa: huzuia damu isipande. Na mwenye sukari ambaye vidole vya miguu vimekufa ganzi, au ambaye ana vidonda, asivae soksi za kubana mpaka miguu yake ikaguliwe.

Mengine ni kazi yako mwenyewe. Omba kiti cha kando ya njia, usikubali kile cha dirishani hata kama wajukuu watakuuliza uliona nini. Kila baada ya muda wa saa moja au mbili simama, tembea hadi chooni hata kama huna haja. Ukiwa umekaa, inua visigino huku vidole vikibaki chini, kisha inua vidole huku visigino vikibaki chini, mara 20 au 30. Mkoba mkubwa usiuweke miguuni, utakunyima nafasi ya kunyoosha. Dawa za usingizi ziache. Mtu aliyelala fofofo amejikunja kwa muda wa saa nane hana tofauti na gunia.

Maji je? Wengi wetu hukataa maji safarini ili wasisumbue watu kwa kwenda chooni. Hewa ya ndegeni ni kavu sana, unyevu wake huwa chini ya asilimia 20. Midomo hukauka na macho huwasha. Kunywa kidogo kidogo, na ile safari ya chooni ndiyo dawa ya miguu.

Baada ya kufika, mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukawa wa moto na kuuma nyuma chini ya goti, au ukapungukiwa pumzi ghafla au kifua kikachoma unapovuta hewa, usiseme ni uchovu wa safari. Mwambie binti yako wakati huo huo akupeleke hospitali, hata ikiwa ni usiku na hata ikiwa mtoto mchanga analia. Dalili hizi zinaweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya safari.

HEWA YA HUKO JUU

Ndege huruka mahali ambapo binadamu hawezi kupumua, kwa hiyo hewa hushindiliwa ndani. Lakini haishindiliwi mpaka ikawa kama ya Mombasa. Katika ndege nyingi hewa ya ndani inaweza kuwa nyepesi kama ya mahali penye mwinuko wa meta 2,400, yaani kama uko Nyahururu. Katika Boeing 787 haizidi ile ya meta 1,800, kiasi cha Nakuru. Kwa mama aliyezoea Nairobi hiyo si kitu. Lakini mama wa pwani mwenye moyo dhaifu, ugonjwa wa mapafu au upungufu mkubwa wa damu anaweza kuhisi pumzi fupi. Huyo apimwe kwanza.

Nawataja kwa namna ya pekee watoto na watu wazima wenye selimundu. Hewa nyepesi, baridi ya ndegeni na kukosa maji ni vitu vitatu vinavyoweza kuamsha maumivu yao. Wapo wanaosafiri vizuri, lakini ni kwa ruhusa ya daktari, na nguo nzito, na maji ya kutosha.

Ukisafiri na mtoto anayenyonya, masikio yake yatauma ndege inaposhuka, si sana inapopaa. Kushuka huanza karibu nusu saa kabla ya kutua. Mwamshe anyonye, kule kumeza hufungua masikio. Na wewe uliye na mimba, kumbuka kwamba mashirika mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, na baada ya wiki ya 36 hayakupokei. Kwa mapacha ni mapema zaidi, kwa kawaida wiki ya 32.

DAWA ZIFUATE SAA GANI?

Hapa ndipo penye makosa mengi, kwa hiyo twende polepole. Majira ya baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba wao husogeza saa zao mbele, na tofauti hubaki saa 7.

Tuseme unaondoka Nairobi saa 5:25 usiku mwezi wa Januari. Muda wa saa 15 baadaye ni saa 8:25 mchana kwa saa ya Nairobi. Lakini New York ndiyo kwanza saa 12:25 asubuhi, jua halijachomoza.

Sasa, wewe humeza kidonge chako cha presha kila siku saa 1 asubuhi. Saa 1 asubuhi ya Nairobi itakukuta angani, umeshasafiri muda wa saa saba na nusu, pale pale Moroko. Ukakimeza, sawa. Umetua, umefika nyumbani, binti amekuwekea chai mezani. Nje kunapambazuka. Anasema kwa mapenzi, "Mama, ni asubuhi, kunywa dawa zako." Ukimsikiliza, utakuwa umemeza dozi mbili ndani ya muda wa saa nane au tisa. Kwa dawa nyingine ni kizunguzungu tu. Kwa nyingine ni kuanguka bafuni, na mfupa wa nyonga wa mama wa miaka 65 si jambo la mchezo.

Upande wa pili ni insulini. Mama anajidunga insulini ya muda mrefu saa 2 usiku, kabla ya kuondoka uwanjani. Saa 24 zitatimia kesho yake saa 2 usiku ya Nairobi, ambayo kwa New York ni saa 6 mchana. Kama atangoja mpaka saa ya ukutani isome saa 2 usiku huko kwa binti, zitakuwa zimepita saa 32. Saa nane nzima sukari inapanda, na yeye anadhani amefuata saa yake barabara.

Fanya hivi. Vaa saa ya mkono na uiache kwenye saa ya Nairobi safari nzima. Usiiguse, hata simu ikijibadilisha yenyewe. Chora karatasi yenye safu tatu: dawa, saa ya Nairobi, saa ya New York. Mpelekee daktari au muuguzi wa kliniki yako ya sukari ajaze pamoja nawe, siku baada ya siku, mpaka siku ya tatu au ya nne ambapo utakuwa umehamia saa za huko. Kwenda magharibi siku inarefuka, na huenda ukahitaji dozi ndogo ya ziada. Kiasi gani, atasema yeye, maana insulini si za aina moja. Na ndegeni, kama unatumia insulini ya chakula, usijidunge mpaka sinia iwe mbele yako. Ndege ikianza kutikisika wahudumu hukaa na kufunga mikanda, na chakula hungoja, huku insulini uliyokwisha kujidunga haingoji. Weka biskuti na peremende mfukoni, si kwenye mkoba ulio juu ya kichwa.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake zenye jina lako, pamoja na barua ya daktari inayotaja dawa, sindano na mashine ya kupimia sukari. Insulini isiingie kamwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Huko inaweza kuganda, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Sanduku lenyewe pia huweza kupotea. Chukua dawa za kuzidi siku utakazokaa, maana kununua huko bila cheti cha daktari wa huko haiwezekani kwa nyingi.

Neno kwa akina mama vijana mnaonyonyesha na kutumia vidonge vya kupanga uzazi vya homoni moja. Aina za zamani za vidonge hivyo haziruhusu kuchelewa zaidi ya saa 3. Ukingoja saa ya New York utachelewa mara mbili ya hapo na zaidi. Endelea na saa ya Nairobi, au tumieni kinga nyingine mpaka umwone muuguzi. Nimepata kumpima mama aliyerudi kutoka safari kama hiyo na zawadi asiyoitarajia.

KUFIKA KABLA YA MTOTO

Mwili huizoea saa mpya polepole, kiasi cha saa moja hivi kwa siku. Saa 8 ni wiki nzima. Kwa hiyo siku za kwanza utaamka saa 9 usiku macho yakiwa meupe, na ifikapo saa 9 mchana, ambayo Nairobi ni saa 5 usiku, kichwa kitaanguka kifuani. Toka nje mchana, hasa jioni kabla jua halijatua, mwanga utakusaidia kusogea.

Hili silisemi kwa ajili ya usingizi wako tu. Bibi aliyechoka, anayempakata mtoto wa siku tatu kwenye kochi laini saa 9 mchana, anaweza kusinzia bila kujua. Mtoto huteleza kati ya mkono na mto wa kochi akakosa hewa. Ukihisi macho mazito, mlaze kitandani mwake, chali, hata kama atalia. Na mwambie binti akuite wiki mbili kabla ya siku aliyopewa, si juzi yake. Watoto wengine huja mapema, na wewe unataka kumpokea ukiwa umeamka.

Mambo madogo ya uwanjani. Kama magoti yanauma, omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi au angalau siku mbili kabla. Hakilipiwi. Najua mnaona haya. Lakini anayekisukuma anaijua njia, na atakupitisha kwenye vyumba vyote vya ukaguzi hata kama Kiingereza chako kimechoka. Ukiwa unabadilisha ndege njiani, msaada huo una thamani kuliko tiketi yenyewe, maana viwanja vingine ni vikubwa kama mtaa mzima. Njahi na unga wa wimbi vitaje kwenye ukaguzi wa forodha, afisa ndiye ataamua. Nyama na matunda mabichi acheni nyumbani. Ukificha utatozwa faini, na binti anakungoja mlangoni.

Kupiga simu nako kuna hesabu. Saa 1 jioni ya Nairobi majira ya baridi ni saa 5 asubuhi kwao, wakati mzuri. Baba wa nyumbani akikupigia saa 1 asubuhi kuuliza ufunguo wa ghala uko wapi, huko ni saa 5 usiku na mtoto ndiyo kwanza amelala.

Kurudi, mambo hugeuka. Siku inafupika kwa saa 7 au 8, usiku unamezwa njiani, na ile insulini sasa huenda ikahitaji kupunguzwa, kwa sababu dozi mbili zinakaribiana na sukari inaweza kushuka ukiwa usingizini angani. Karatasi ya kurudi ijazwe siku ile ile ya karatasi ya kwenda, hapa hapa nyumbani. Kumwona daktari Marekani bila bima ni gharama ambayo binti yako atailipa kwa miezi mingi. Na mnaponunua bima ya safari, ulizeni waziwazi kama inagharimia ugonjwa wa sukari na presha ambavyo mama alikuwa navyo kabla ya kuondoka. Bima nyingine hazigharimii, na habari hiyo huandikwa ukurasa wa mwisho kwa herufi ndogo.